Ulimi wa Zambarau

Zambarau zikiiva Bungoma, mtoto hawezi kumficha mama yake alikotoka. Akifungua mdomo tu, ulimi umeiva kama wino, na shati la shule limeingia madoa yasiyotoka kwa sabuni yoyote. Sokoni zinapimwa kwa kikombe na wanaozigombania ni wanafunzi. Ukimkaribisha kukhu, yaani nyanya, anakataa kwa upole: hilo ni tunda la watoto na ndege.

Laiti angejua! Rangi inayotia ulimi wino inaitwa anthosayanini, na imejaa zaidi kwenye ganda. Ndiyo hiyo hiyo inayotia forosadi weusi, stroberi za baridi ya Kitale wekundu, na bluberi za ng'ambo buluu. Huenda rangi hiyo inaufaa ubongo pia. Ubongo wa mtu ni kama asilimia 2 tu ya uzito wake, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nguvu za mwili. Mlaji wa namna hiyo anataka damu isiyokatizwa, na anthosayanini inaelekea kuisaidia mishipa ilegee ipitishe damu vizuri.

Mwaka 2012, Elizabeth Devore na wenzake wa Boston walichapisha habari za wauguzi wa kike zaidi ya 16,000 wa Marekani, wote wenye miaka 70 na kuendelea. Walikuwa wamepimwa kumbukumbu kwa simu, mara kadhaa. Waliozoea bluberi na stroberi walionekana kuchelewa kuzeeka akili, hata kwa miaka miwili na nusu. Na hawakula kapu zima. Nusu kikombe, mara moja au mbili kwa wiki.

Tusikimbilie kushangilia. Anayemudu bluberi huenda pia anamudu daktari. Mwaka 2023 yalitoka majibu ya jaribio lililowafuata watu 604 kwa miaka mitatu, nusu yao wakila mlo wenye mboga za majani, karanga na matunda haya. Mwishoni akili zao hazikuwapita wenzao kwa tofauti ya maana. Tena hao wote walihesabiwa bluberi na stroberi, si zambarau. Mimi ninaamini rangi, lakini kukhu mwenye presha aanze na dawa zake. Presha isiyotibiwa huumiza ubongo kwa namna ambayo hakuna kikombe cha matunda kitakachouponya.

Akishazimeza dawa, ale zambarau nzima na ganda lake. Ukakasi ule unaokausha mdomo hupungua kwa chumvi kidogo, lakini mwenye presha aache hata hiyo, angoje zilizoiva hadi kuwa nyeusi. Juisi ya sukari vijiko vinne imeshakuwa kitu kingine. Wala asimtume mjukuu kupanda: tawi la mzambarau hukatika ghafla hata likiwa nene kama paja. Aziangue kwa ufito mrefu, akiwa chini.