Uzee, Tawakkul na Hiari ya Mzee: Mazingatio Kutoka Bonde la Rufiji

Ndugu msomaji, katika Suratu Ar-Rum (30:54) Mwenyezi Mungu (s.w.) anatukumbusha kuwa mwanaadamu huanza katika udhaifu, kisha hupewa nguvu, kisha hurejea kwenye udhaifu na mvi. Je, mwili unapodhoofika, hiari ya mtu nayo huondoka? Na mzee asemaye amemwachia Mungu, ametawakali au amekata tamaa?

Tuutazame mfano wa Kibiti na Delta ya Rufiji. Wazee wa huko wameishi umri wao wote na jambo wasilolimiliki, nalo ni maji ya mto. Mto ukifurika wakati wa masika huweza kuangamiza mpunga, lakini pia huleta rutuba. Maji yakishuka, wakulima hupanda mahindi na kunde kwenye unyevu uliobaki, kilimo kiitwacho mlau. Hakuna aliyeyaamrisha mafuriko hayo, lakini mbegu, siku ya kupanda na mahali pa kujenga dungu vilikuwa mikononi mwao. Baada ya mafuriko ya 1968, serikali iliwahamishia watu wa bondeni kwenye vijiji vya miinuko. Aprili 2024 maji yalifunika tena makazi na mashamba katika wilaya za Rufiji na Kibiti, na wakazi wakatakiwa kuhama.

Katika hali kama hiyo huweza kutokea makosa mawili. Kwanza, mzee kukataa kuondoka kwa hoja kwamba siku yake imekwisha andikwa. Pili, watoto kumhamisha kama mzigo, kisha kugawana shamba lake bila kumuuliza, ati kwa kuwa ameshazeeka.

Kosa la kwanza lina jibu katika historia. Tauni ilipozuka Sham, Khalifa Umar bin Al-Khattab (r.a.) aliamua kurudi Madina. Abu Ubayda (r.a.) alimuuliza iwapo anaikimbia Qadar ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kuwa anaikimbia Qadar kuiendea Qadar nyingine. Abu Ubayda alibaki na watu wake, akafariki kwa tauni mwaka 18 Hijria. Hivyo matokeo ni ya Mola, lakini kuchukua sababu ni wajibu wa mja.

Ama kosa la pili, sheria inalikataa kwa kumwachia mzee nafasi ya kuamua:

(i) Swala. Kwa mujibu wa Hadithi ya Imran bin Husayn (r.a.) katika Sahihi Bukhari, asiyeweza kusimama huswali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa huswali kwa ubavu.

(ii) Saumu. Mzee asiyeweza kufunga hutoa fidia. Katika madhehebu ya Shafi, yenye wafuasi wengi pwani yetu, ni kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku.

(iii) Mali. Uzee peke yake si sababu ya kumzuia mtu kutumia mali yake. Wanaozuiwa ni mtoto mdogo, mwendawazimu na safihi. Mirathi haiwi ila baada ya kifo. Mzee mwenye akili timamu anaweza kuuza, kuweka waqfu na kuwausia wasiokuwa warithi hadi theluthi. Akili ikipotea kweli, huwekewa msimamizi kwa maslahi yake.

Wataalamu wa elimu ya nafsi nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1966 Julian Rotter wa Marekani aliwatofautisha wanaoona mambo yao yanatokana na juhudi zao na wanaoyaona yanatokana na bahati au nguvu za nje. Kwa mgawanyo huo, mwenye kutawakali angeweza kudhaniwa kuwa ameacha juhudi. Lakini mwaka 2005 Neal Krause alionesha kuwa wazee wa Marekani walioona kuwa Mungu yupo pamoja nao katika kuyaendesha mambo yao waliridhika zaidi na maisha na kuhofia kifo kidogo zaidi. Kumtegemea Mola, basi, hakumwondolei mtu usukani wa maisha yake.

Kwa hiyo, maji yakikaribia, tumuulize mzee anataka kwenda kwa nani, achukue nini, na shamba lake aachiwe nani alitazame. Naye akubali kuondoka mapema. Kumshauri ni sehemu ya ihsani tuliyoamrishwa katika Suratu Bani Israil (17:23-24).

Wallahu aalam.