Nakala Kwanza, Bisibisi Baadaye

Katika ukurasa huu wa nchi jirani tumezoea kuzungumzia cherehani, mashine za kusaga, pikipiki na vyombo vingine ambavyo mfanyakazi wa kujitegemea hupatia riziki yake. Safari hii tumeona vema tuzungumzie chombo ambacho wazee wengi hukidharau na kukiita mchezo wa watoto, nacho ni mashine ya gemu. Kwa kijana anayesimamia kibanda cha gemu, awe Mombasa, Kigoma, Bujumbura au Kampala, mashine hiyo si mchezo hata kidogo. Ndilo jembe lake. Wateja hulipa kwa mechi au kwa dakika, na jioni msimamizi hupeleka hesabu kwa mwenye mali, kama vile dereva wa daladala anavyopeleka hesabu ya gari. Mashine ikilala siku moja, hesabu hailali.

Tunayoizungumzia hasa ni PlayStation 4, iliyoanza kuuzwa Novemba 2013 na ambayo hadi leo tunaiona ikitoa jasho vibandani. Mashine za kwanza zilitoka kiwandani zikiwa na diski ngumu ya gigabaiti 500. Ukiondoa nafasi inayochukuliwa na mashine yenyewe, mtumiaji alibakiwa na gigabaiti 400 hivi. Siku hizo zilionekana nyingi. Leo gemu moja kubwa huweza kupita gigabaiti 50, kwa hiyo zikiingia saba au nane diski imejaa, na mteja akitaka mchezo mpya ni lazima ufutwe mwingine. Ndipo mwenye mali hununua diski ya terabaiti moja, akaileta kibandani na kusema, "Badilisha leo, kesho tufungue."

Kubadilisha kwenyewe ni kazi nyepesi, na Sony wenyewe wameruhusu mtumiaji aifanye bila kupeleka mashine kwa fundi. Katika mashine za mwanzo, kifuniko kimoja cha juu husukumwa kwa mkono kikatoka. Chini yake ipo skrubu moja iliyochorwa alama za vitufe vya pedi, na diski nayo imeshikwa na skrubu nne kwenye kitanda chake cha bati. Mwenye bisibisi nzuri humaliza kabla chai haijapoa. Wepesi huo ndio unaowaponza vijana wetu. Kwa kuwa kufungua ni rahisi, hufungua kwanza, halafu ndipo huuliza yaliyokuwamo yamekwenda wapi.

Ifahamike kwamba vitu vilivyomo ndani ya diski havina thamani moja. Gemu yenyewe, kama ilinunuliwa kwa sahani, itaingizwa upya kutoka kwenye sahani. Kama ilinunuliwa kwa intaneti, akaunti iliyoinunua inaweza kuipakua tena, ingawa bando litaliwa. Kisichorudi ni kazi ya mikono: misimu ya ligi waliyoicheza wateja, timu zilizorekebishwa majina na jezi usiku baada ya usiku, hatua aliyoifikia mtoto wa jirani ambaye huja kila Jumamosi na sarafu zake. Vitu hivi ni vidogo mno kwa ukubwa, lakini ndivyo vinavyomfanya mteja arudi kibanda hiki na si kile cha ng'ambo ya barabara. Tunakijua kibanda kimoja ambacho ligi ya mtaa mzima ilipotea kwa namna hiyo katikati ya msimu. Mwenye mali alimkata msimamizi ujira wake, na wateja wakahamia kwingine. Msimamizi alipata hasara mara mbili kwa amri ambayo hakuitoa yeye.

Hata gemu za intaneti zisichukuliwe kuwa ni mali isiyopotea. Mwaka 2014 kampuni ya Konami ilitoa bure gemu fupi ya kutisha iitwayo P.T. kwa ajili ya PlayStation 4. Mwaka uliofuata ikaiondoa, na waliokwisha kuifuta katika mashine zao hawakuweza kuipakua tena, ingawa waliwahi kuwa nayo kihalali. Kwa hiyo kila gemu iliyomo ndani ya diski yafaa iulizwe kabla ya kufutwa: je, wewe unaweza kurudi, na kwa njia ipi?

Wako wanaodhani kwamba watachomoa diski ya zamani, waichomeke kwenye kompyuta ya rafiki, wanakili mafaili yao na kuyabandika katika diski mpya. Haiwezekani. Mashine huyafunga yaliyomo kwa ufunguo wake yenyewe, na kompyuta ya kawaida haitaona humo ligi wala timu. Hali kadhalika nakala kamili inayotengenezwa na mashine imefungamana na mashine hiyo. Ukiipeleka kwenye mashine nyingine usitegemee kila kitu kirudi kama kilivyokuwa. Katika PlayStation 3 jambo hili lilikuwa kali zaidi, kwani baadhi ya kumbukumbu za michezo zilizuiwa zisinakiliwe, na hata zikiingia katika nakala kamili zilirudi tu kwenye mashine ile ile zilikotoka. Basi nakala ifanywe mashine ikiwa bado nzima. Kungoja mpaka diski ianze kukwaruza na kukatakata ni kumwita daktari baada ya matanga.

Kazi ianze siku moja kabla, na ianzie kwenye akaunti. Katika vibanda vingi akaunti ilifunguliwa na aliyeuza mashine, au na msimamizi aliyekwisha kuondoka na neno la siri kichwani mwake. Hakikisheni kwamba mnalijua neno hilo na kwamba anwani ya barua pepe iliyotumika bado inafunguka. Kisha mashine iunganishwe na intaneti na vikombe vya ushindi, ambavyo mashine huviita Trophies, vioanishwe na mtandao wa PlayStation, kwa sababu vikombe haviingii katika nakala. Wapo watakaosema vikombe ni upuuzi. Mchezaji aliyevitafuta miaka mitatu hatakubaliana nao, naye ni mteja.

Baada ya hapo tengenezeni nakala mbili, wala msione ni kazi bure. Ya kwanza ni ndogo, ya kumbukumbu za michezo peke yake, na flashi ya kawaida inatosha. Menyu ya mashine hii haina Kiswahili, kwa hiyo tunayataja maneno kama yanavyosomeka kwenye kioo: ingieni Settings, kisha Application Saved Data Management, mchague kumbukumbu zilizo ndani ya mashine na kuzinakili kwenye USB. Uzuri wa nakala hii ni kwamba inafuata akaunti, haifuati mashine. Hata mashine ikiungua, kumbukumbu hizo zitafunguka kwenye PlayStation 4 nyingine yenye akaunti ile ile. Kila mtumiaji aliyemo katika mashine afanyiwe nakala yake, asisahauliwe mtu. Wanaolipa ada ya PlayStation Plus wanaweza pia kuzipandisha kwenye hifadhi ya mtandaoni, lakini flashi haidai ada ya kila mwezi.

Nakala ya pili ni kubwa. Inahitaji diski ya nje yenye nafasi ya kutosha, iliyoandaliwa kwa mpangilio wa FAT32 au exFAT. Ingieni Settings, kisha System, kisha Back Up and Restore. Mashine itawauliza kama mnataka gemu zenyewe ziingie au zibaki nje. Zikibaki nje, nakala huwa ndogo na kazi huisha mapema, ila itawabidi kuingiza gemu zote upya. Maoni yetu ni haya: kibanda chenye gemu za sahani kiziache nje, kibanda chenye gemu za kupakua, na intaneti ya kupimiwa kwa bando, kiziingize ndani hata kama kazi itachukua usiku kucha. Mkishathibitisha, mashine itajizima na kujiwasha, kisha itaonyesha mstari unaosogea polepole. Wakati huo hakuna mchezo unaochezeka, na hapana ruhusa kugusa waya wa USB.

Hapa ndipo umeme unapoingia. Saa nyingi za kunakili ni saa nyingi za kuomba umeme usikatike, na msimamizi mwenye akili huchagua usiku ambao wateja hawapo. Lakini usiku nao una mambo yake. Ndugu zetu wa Kenya wanaukumbuka usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023, giza lilipotanda karibu nchi nzima kwa hitilafu ya gridi ya taifa. Nakala iliyokatika katikati isihesabiwe kuwa ni nakala. Ifutwe, ianzwe upya. Kama kibanda kina betri ya akiba ya kompyuta, mashine na diski ya nje viunganishwe hapo. Kama hakina, angalau msifanye kazi hiyo siku za mgao wala wakati wa ngurumo. Afadhali hesabu ichelewe siku moja.

Nakala ikiisha, ihakikiwe kabla bisibisi haijatoka mfukoni. Rudini katika Back Up and Restore, mfungue sehemu ya kurejesha, muone kama nakala yenu imeorodheshwa na tarehe yake ni ya leo, kisha mtoke bila kuthibitisha, kwa sababu kurejesha hufuta kwanza yote yaliyomo. Flashi nayo ichomekwe tena, na kumbukumbu zilizomo zihesabiwe moja moja. Hatua hii huruka wengi kwa uchovu.

Jambo jingine linalosahauliwa ni programu ya mashine yenyewe. Diski mpya hutoka dukani tupu, na mashine haitawaka sawasawa mpaka ipewe programu yake upya. Pakueni kutoka katika tovuti ya PlayStation lile faili kubwa la kuingiza programu upya, ambalo ni karibu gigabaiti 1. Lile dogo la kusasisha halitoshi. Kwenye flashi tengenezeni folda iitwayo PS4, ndani yake folda iitwayo UPDATE, na ndani ya hiyo faili liwe na jina PS4UPDATE.PUP, herufi zote kubwa. Herufi moja ikikosewa mashine itasema haioni kitu, na mtakesha mkiilaumu diski isiyo na kosa. Diski mpya nayo iwe ya inchi 2.5, ya aina ya SATA, unene usizidi milimita 9.5, na ukubwa usipungue gigabaiti 160. Mashine ikiwashwa na diski mpya itaomba pedi iunganishwe kwa waya, kisha itaomba flashi yenye programu. Programu ikikaa, ndipo diski ya nje ichomekwe na nakala irejeshwe.

Tuseme pia kwamba si kila kibanda kinahitaji kufungua mashine. Tangu Machi 2017 PlayStation 4 inaweza kuweka gemu kwenye diski ya nje ya USB 3.0, ya kuanzia gigabaiti 250 hadi terabaiti 8. Ikiwa shida yenu ni nafasi tu, hiyo ndiyo njia ya gharama ndogo na wasiwasi mdogo. Lakini kumbukumbu za michezo hubaki katika diski ya ndani, kwa hiyo nakala ya flashi bado inahitajika. Aidha, diski iliyokwisha kuandaliwa kwa ajili ya gemu haiwezi wakati huo huo kutumika kuhifadhia nakala. Wenye PlayStation 5 wana nafuu, kwani tangu Septemba 2021 mashine hiyo inapokea diski ya pili katika tundu lake, na ile ya kiwandani haiguswi.

Sasa tuje kwenye jambo linalokihusu chama. Diski ya nakala ni kitendea kazi sawa na diski mpya, nayo inunuliwe na mwenye mali, isitoke katika posho ya msimamizi. Siku ya kunakili na kubadilisha ni siku ya kazi. Anayekesha akitazama mstari unaosogea anafanya kazi, na hesabu ya siku hiyo isidaiwe kwake. Hayo yaandikwe hata kwenye karatasi ya daftari, pande zote mbili zitie sahihi, na iandikwe pia kwamba mwenye mali akiamuru mashine ifunguliwe bila nakala, hasara ni yake. Tumeona wenye mali wengi wakikubali bila ugomvi wakiulizwa mapema. Wakiulizwa baada ya ligi kupotea, hakuna anayekubali.

Diski ya zamani isifutwe wala isigeuzwe diski ya sinema. Ifungwe katika bahasha, juu yake iandikwe tarehe na namba ya mashine ilikotoka, iwekwe mahali pakavu kwa mwezi mmoja hivi. Mwenye mali akitaka kuiuza siku hiyo hiyo ili apunguze gharama ya mpya, mwombeni asubiri hadi ligi ya mtaa ichezwe walau raundi mbili.