Kamera Rahisi ya Nyumbani: Yafaa Kununuliwa?

Mwenye kutafuta kamera ya kwanza asivutwe na tarakimu kubwa iliyoandikwa juu ya boksi. Muuzaji husifu megapikseli, yaani mamilioni ya vitone vinavyofanya picha. Lakini vitone vingi nyuma ya lenzi mbovu havisaidii kitu.

Haya, tuitazame Kodak PixPro FZ45, mojawapo ya zile za bei nafuu. Ina megapikseli 16, nazo zatosha kabisa kwa picha ya kutundika ukutani. Lenzi yake huvuta kitu karibu mara 4. Hapo yaishinda simu nyingi za bei ndogo, ambazo huikata picha na kuitanua tu, hata uso wa bibi arusi ukawa kama ukungu. Tena hutumia betri 2 za AA, zile ndogo zipatikanazo madukani. Pasipo umeme hilo ni jambo kubwa. Ila betri hafifu huisha upesi mno, na arusi haifanywi mara ya pili kwa ajili ya mpiga picha! Chukua zile za kuchajiwa, na nyingine za akiba mfukoni.

Usiku kamera hii ni dhaifu. Taa yake haifiki mbali. Ukikaa nyuma ya ukumbi utapata giza. Basi sogea mbele.

Uliza pia kama kadi ya kuwekea picha imo katika bei. Kisha, kabla ya kulipa, tia betri, washa, vuta lenzi mpaka mwisho na uirudishe. Ikikwama, iache pale pale mezani kwa muuzaji.