Simu ya Zamani Yapewa Lindo Mlangoni

Mwaka 2011, watafiti wa chuo cha Georgia Tech nchini Marekani waliweka simu aina ya iPhone 4 juu ya meza, kando ya kibodi ya kompyuta, kisha mtu akaanza kuchapa. Simu haikupiga picha wala kurekodi sauti. Ilihisi tu mtetemo uliopita mezani kila kidole kilipogonga, na programu ya watafiti ikaulinganisha mtetemo huo na maneno ya kwenye kamusi. Mambo yalipokwenda vizuri, ilitambua kilichochapwa kwa usahihi wa hadi asilimia 80.

Watafiti wale walitaka kuonya kwamba simu inaweza kutumiwa kupeleleza. Lakini mtu anayelala akiwa na wasiwasi na mlango wake ana la kujifunza hapo. Kama simu inahisi kidole kikigonga kibodi, itahisi pia kitasa kikizungushwa na mlango ukisukumwa. Na simu ya namna hiyo si lazima inunuliwe: nyumba nyingi zinayo kabatini, kioo kimepasuka, imestaafishwa baada ya kununuliwa mpya.

Kinachohisi ni kifaa kidogo sana kiitwacho akselerometa. Ndani yake kuna kipande cha silikoni kilichoning'inizwa kwa springi nyembamba kuliko unywele. Simu ikitikiswa, kipande hicho hubaki nyuma kidogo au hutangulia, kama abiria aliyesimama ndani ya daladala dereva anapokanyaga breki. Umbali kati yake na visahani vya pembeni hubadilika, umeme unaopimwa hapo nao hubadilika, na simu inapata namba. Hata ikiwa imelala mezani kimya, akselerometa husoma nguvu ya mvutano wa dunia, takriban mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde. Programu ya ulinzi huisoma hali hiyo ya utulivu, halafu inasubiri namba zipande kupita kiwango ulichoweka.

Wazo la kuigeuza simu kuwa mlinzi lilipata umaarufu Desemba 2017, ilipotangazwa programu ya Haven. Iliandaliwa na Guardian Project kwa kushirikiana na Freedom of the Press Foundation, taasisi ambayo wakati huo mwenyekiti wa bodi yake alikuwa Edward Snowden, aliyefichua siri za upelelezi wa Marekani. Waliolengwa kwanza ni waandishi wa habari na watetezi wa haki za binadamu, watu ambao kompyuta zao zinaweza kuchezewa hotelini wenyewe wakiwa wametoka. Mtu alitakiwa kuchukua simu ya bei nafuu ya Android, kuiweka juu ya kompyuta au ndani ya sefu, na kuondoka.

Haven ilitumia karibu kila kiungo cha simu. Akselerometa ilihisi mtikisiko, kamera ilitazama mabadiliko ya picha, maikrofoni ilisikiliza kelele, kihisi cha mwanga kiligundua taa ikiwashwa, na simu ilijua pia ikichomolewa kwenye chaja. Tukio likitokea, taarifa ilikwenda kwa mwenyewe kwa njia ya Signal au ujumbe mfupi wa kawaida.

Haja yenyewe ya kulinda mlango ina umri mrefu zaidi. Mwaka 1966 muuguzi Marie Van Brittan Brown wa Queens, New York, aliyekuwa akibaki peke yake nyumbani saa za usiku huku polisi wakichelewa kufika wanapoitwa, alibuni mtambo pamoja na mumewe Albert, fundi wa vifaa vya elektroniki. Kamera ilipanda na kushuka kwenye matundu manne ya mlango, picha ikaonekana chumbani, na palikuwa na kitufe cha kuita msaada. Walipewa hataza mwaka 1969. Mtambo ule ulihitaji nyaya, runinga na kamera ya gharama kubwa. Leo kamera, kengele na njia ya kuita msaada vyote vimo ndani ya simu moja.

Tuje sasa kwenye chumba cha kupanga chenye mlango mmoja na dirisha la nondo. Kazi ya kwanza ni kuchagua pa kuiweka simu. Ikilazwa mezani itahisi mtikisiko wa nyumba nzima, na lori likipita barabarani itapiga kelele bure. Ikiwekwa kwenye kifuko na kuning'inizwa kwenye kitasa kwa ndani, itasikia kitasa kikiguswa kabla mlango haujafunguka. Njia nyingine ni kuisimamisha sakafuni, ikiwa imeegemea mlango unaofungukia ndani, na kuwekewa kitambaa kizito pa kuangukia. Mlango ukisogezwa, simu inaanguka. Mtikisiko wa kuanguka ni mkubwa mno kiasi kwamba kiwango kinaweza kuwekwa juu, na lori halitamwamsha mtu tena.

Kamera ina tabia nyingine. Programu hulinganisha picha moja na inayofuata, na tofauti ikizidi huhesabu kuwa kuna mwendo. Mchana inafanya kazi nzuri. Usiku, kwenye giza, simu ya kawaida haioni kitu, hivyo lazima taa ndogo iachwe ikiwaka. Pazia linalopeperushwa na feni, paka wa jirani na mjusi anayepita mbele ya lenzi vyote vitaitwa mwizi. Ndiyo maana anayelinda mlango mmoja anapata zaidi kwa kutumia akselerometa, na kamera ikabaki kwa sebule au duka.

Kuna sababu nyingine ya kuipendelea akselerometa, nayo ni heshima. Haipigi picha ya mtu yeyote. Nyumba yenye dada wa kazi, wageni na watoto haifai kuwekewa jicho la siri. Anayeamua kutumia kamera awaambie wote wanaoishi na kufanya kazi hapo iko wapi na inawashwa saa ngapi, na kamwe isielekezwe chumba cha kulala wala bafuni.

Simu ina ubora mmoja ambao ving'ora vya ukutani visivyo na betri havina: umeme ukikatika inaendelea na lindo. Ikiwa na laini yake, haitegemei hata intaneti ya nyumba. Lakini laini hiyo inahitaji salio au bando, na ikikaa muda mrefu bila kutumika mtandao huifunga. Mifumo ya Android nayo ina kawaida ya kuzima programu zinazojificha nyuma ili kuokoa chaji, hivyo programu ya ulinzi iondolewe kwenye utaratibu huo katika mipangilio ya betri. Simu ya pili, ile inayopokea taarifa, isiwekwe kwenye hali ya kimya usiku.

Betri ndiyo ya kuogopwa zaidi. Betri ya lithiamu inayokaa kwenye chaja usiku na mchana huchoka haraka, na joto huiharibu. Simu ambayo mgongo wake umevimba isipewe kazi hii hata kidogo, ipelekwe kwa fundi. Iliyo nzima isifunikwe kwa nguo wakati inachaji wala kuachwa juani.

Pamoja na hayo yote, simu haizuii mtu kuingia. Kazi hiyo ni ya komeo, kufuli na nondo. Simu inatoa sekunde chache za kujua, na sekunde hizo zina faida ikiwa mpango ulishafanywa. Mwenye nyumba akiwa ndani, king'ora cha sauti ya juu ndicho chenye msaada, kwa sababu kinawaamsha majirani, na yeye mwenyewe asitoke nje peke yake. Akiwa safarini, taarifa iende pia kwa jirani au ndugu aliye karibu, na namba ya kituo cha polisi cha eneo lake iwe imehifadhiwa, pamoja na 112 ya dharura inayotumika Tanzania na Kenya.

Kabla ya kuuamini mpango huo, ni vizuri kuujaribu mchana, jirani akiwa na habari. Mwenye nyumba atoke, ajifungie, asubiri simu ianze lindo, kisha asukume mlango polepole kama afanyavyo asiyetaka kusikika, na jirani aangalie saa ujumbe unapoingia. Simu isipohisi, kiwango kishushwe. Ikihisi lakini ujumbe ukachelewa, mara nyingi tatizo ni mtandao hafifu mahali ilipo.