Siku 11 za likizo, miji minne ya kale: ugawaje kutoka Msanzi?

Wiki iliyopita mwalimu mmoja wa shule ya msingi huko Msanzi alinitumia ujumbe mrefu wa simu. Anasema amekusanya fedha kwa misimu mitatu ya mahindi. Likizo yake ni siku 28, lakini ukitoa za kuvuna na za harusi ya shemeji yake zinabaki 11. Anataka kwenda pwani na mke wake na mama yake mzazi, ambaye amevuka miaka 60 na hajawahi kuiona bahari. Ameandika orodha ya miji ya kihistoria: Bagamoyo, Zanzibar, Kilwa, na Tanga pamoja na Pangani. Swali lake ni moja: "Nigawe vipi siku, ili kila mji upate haki yake?"

Nilimjibu hewani kwa dakika mbili, na dakika mbili hazikutosha. Wengine mmeuliza swali hilohilo, kwa hiyo naliandika hapa mlisome taratibu.

Jibu langu, Mwalimu, ni kwamba miji minne haiingii katika siku 11. Inaingia miwili. Nitaeleza kwa nini, halafu utaamua mwenyewe.

Anza na siku ambazo huzioni

Wengi tunahesabu hivi: siku 11, miji minne, basi kila mji siku mbili na nusu na kidogo. Hesabu hiyo ina kosa kwa sababu imesahau barabara.

Kutoka Sumbawanga hadi Mbeya kupitia Tunduma ni zaidi ya kilomita 300. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya 800. Kijana anaweza kukaa ndani ya basi mchana na usiku akafika, akanawa uso akaendelea na shughuli. Mama wa miaka 60 na zaidi atashuka miguu imevimba, na siku ya kwanza pwani ataimaliza kitandani. Kwa hiyo nashauri mlale Mbeya kwenda, na mlale Mbeya kurudi. Hapo siku nne zimekwisha kabla hujaona hata ukuta mmoja wa kale. Zimebaki saba.

Toa na moja ya akiba. Basi huharibika, boti huahirishwa, mtu huumwa tumbo. Ukirudi salama bila kuitumia, utaitumia kupumzika nyumbani kabla ya kuingia darasani. Zimebaki sita.

Sasa jambo la pili, nalo ndilo linalowaponza watu. Kuhama mji mmoja kwenda mwingine hakuli saa za barabarani tu. Kunakula kufunga mizigo, bajaji ya kwenda stendi, kusubiri gari lijae, kutafuta gesti upya na kuuliza wapi pana chakula. Hata kama safari yenyewe ni ya saa mbili, nusu ya siku imekwenda. Na ninyi ni watu watatu: kila mji wa pembeni unaouongeza ni tiketi tatu za kwenda na tatu za kurudi.

Hili si letu peke yetu. Wanaokwenda Italia hubishana vivyo hivyo: Roma siku ngapi, Firenze ngapi, Venezia ngapi. Lakini wenzetu wale kutoka Roma hadi Firenze hupanda treni ya kasi kwa muda wa saa moja na nusu hivi, na kutoka Firenze hadi Venezia ni kama saa mbili. Pamoja na ukaribu huo, bado wazoefu wao huwaambia wageni wapunguze miji. Sisi ambao kati ya Bagamoyo na Kilwa tuna foleni ya Dar es Salaam na kilomita kama 300 za barabara ya kusini tuna sababu kubwa zaidi ya kupunguza.

Nasema hivi kwa uchungu kidogo. Nilipomaliza cheti cha utangazaji, mimi na rafiki yangu tulijipa siku sita tukazunguka miji minne ya pwani. Leo ukiniuliza niliona nini Pangani, nakumbuka kochi la gesti na mgongo wa dereva.

Bagamoyo: usiku mbili

Bagamoyo usiiondoe, hasa kwa ajili ya mama. Umeandika kwamba ni Mkatoliki wa siku zote, kama wazee wetu wengi wa Ufipa. Basi ajue kwamba mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, na kwamba mwaka 1878 msafara wa kwanza wa White Fathers ulipita hapo ukielekea kwenye maziwa makuu. Mwanzoni mwa 1879 walikuwa wamefika Ujiji, kwenye ziwa letu hili la Tanganyika. Dini iliyofika kwetu ilishukia kwenye ufukwe ule.

Kuna jingine linalotugusa. Mwaka 1872 David Livingstone alipita Ufipa akielekea kusini, na mwaka uliofuata akafariki katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake, Chuma na Susi, pamoja na wenzao, waliubeba mwili wake kwa miguu hadi Bagamoyo. Walifika Februari 1874, baada ya miezi kama tisa njiani. Pale misheni utaonyeshwa mnara ambako mwili uliwekwa kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar. Mimi niliposimama pale niliona aibu kwamba nilikuwa nimelalamikia basi.

Kilomita kama tano kusini mwa mji kuna magofu ya Kaole, yenye msikiti ambao asili yake inarudishwa karne ya 13, na makaburi ya mawe. Bajaji inafika. Nenda alasiri jua likipoa, kwa maana watu wa baridi ya Ufipa tunateswa na joto la pwani. Mjini utaona pia boma la Wajerumani. Bagamoyo ilikuwa makao yao makuu hadi 1891, walipohamia Dar es Salaam.

Jina lenyewe, bwaga moyo, watu wanalibishania hadi leo: wengine husema ni mpagazi anayetua mzigo akipumua, wengine husema ni mtumwa anayeuacha moyo wake bara kabla ya kupanda jahazi. Nasi tunatoka Sumbawanga, mji ambao jina lake watu hulieleza kuwa ni "tupa uchawi". Pande zote mbili mgeni anaambiwa atue kitu.

Zanzibar: usiku tatu

Mji Mkongwe uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Kwa boti ya kasi kutoka Dar es Salaam ni kama saa mbili. Beba vitambulisho vya wote watatu. Mwezi Juni upepo wa kusi unavuma na bahari huchafuka, kwa hiyo mama akae sehemu ya chini, katikati ya boti, asipande akiwa na njaa wala akiwa ameshiba sana. Uliza duka la dawa kuhusu vidonge vya kichefuchefu kabla ya siku ya safari, kwa kuwa ukishafika ndani ya boti umechelewa.

Kwa nini usiku tatu? Siku ya kwanza mtafika mmechoka. Jioni nendeni Forodhani, mama akae aangalie maji, inatosha. Siku ya pili ndiyo ya kutembea. Anzeni Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Kianglikana lililojengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka 1873. Baadhi ya watu waliouzwa pwani walitolewa huku kwetu, kandokando ya ziwa. Vyumba vya chini wanavyoonyesha dari lake ni la chini sana, hewa nzito; mama akikataa kuingia msimlazimishe. Kisha Darajani sokoni, Ngome Kongwe, na kanisa la Kikatoliki la Minara Miwili ambalo mama atapenda kukaa humo apumzike.

Jumba la Maajabu, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, lilianguka sehemu yake Desemba 2020 na kazi ya kulijenga upya ikafuata. Mlitazame kwa nje, na kuingia muulize kwanza palepale.

Siku ya tatu msiipangie kitu asubuhi. Najua inaonekana ni hasara kulipia gesti halafu kukaa. Lakini mji ule wenye vichochoro na milango ya nakshi unaeleweka ukipotea ndani yake bila haraka. Mchana mnaweza kwenda mashamba ya viungo, mke wako akaona karafuu na mdalasini vikiwa kwenye mti badala ya kwenye pakiti.

Kilwa, ambayo inaniuma kuikata

Nikiwa peke yangu ningekwenda Kilwa kabla ya Zanzibar. Kilwa Kisiwani kuna msikiti mkuu ulioanza kujengwa karibu miaka 900 iliyopita, ukapanuliwa baadaye kwa matao na makuba, na kuna jumba la Husuni Kubwa la karne ya 14. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika hapo mwaka 1331 akausifu mji. Masultani wake walitajirika kwa dhahabu iliyotoka Sofala, na walikuwa na sarafu zao wenyewe. Wareno waliuteka mwaka 1505. Magofu ya hapo na ya Songo Mnara yamo kwenye orodha ya UNESCO tangu 1981.

Sasa hesabu. Siku moja ya basi kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko. Siku moja ya kisiwani, kwa sababu lazima uchukue kibali Masoko kwanza ndipo uvuke kwa chombo. Siku moja ya kurudi. Siku tatu kwa kuona siku moja, na Songo Mnara itataka yake nyingine. Chombo cha kuvukia ni kidogo. Mzee anaweza kulowa akishuka. Masika nako msijaribu kabisa: Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara hiyo huko Somanga, magari yakasimama.

Tanga na Pangani ni upande wa kaskazini, kinyume na Kilwa. Hizo ziache kwa safari nyingine, Mwalimu.

Ratiba ninayoipendekeza

Ondokeni Alhamisi. Sababu ya siku hiyo ni kwamba Jumapili itawakuta Bagamoyo, na mama atasali misa pale.

Alhamisi lala Mbeya. Ijumaa jioni mtafika Kituo cha Magufuli, Mbezi. Laleni karibu na hapo. Jumamosi asubuhi nendeni Makumbusho mkapande basi dogo la Bagamoyo, na alasiri muende Kaole. Jumapili misa, makumbusho ya misheni, ufukweni. Jumatatu rudini Dar es Salaam asubuhi na mapema mkavuke Zanzibar kwa boti ya mchana. Jumanne na Jumatano ni za Mji Mkongwe. Alhamisi mvuke kurudi, mlale tena Mbezi. Ijumaa Mbeya, Jumamosi Msanzi. Jumapili ndiyo ile ya akiba.

Kwenye kila lango la makumbusho au magofu toa kitambulisho na uulize kiingilio cha Mtanzania, maana cha mgeni wa nje ni kikubwa zaidi. Fedha ya nauli ya kurudi itenge kwenye simu ya mke wako, siyo yako, usije ukaitumia Darajani.

Wenye siku nne au tano tu msikate tamaa. Kutoka Sumbawanga mnaweza kwenda kaskazini kupitia Mpanda hadi Tabora, mkaona tembe ya Livingstone pale Kwihara. Au hadi Ujiji, ambako Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Hapo pia chagueni kimoja. Na mwenye siku moja yuko karibu na Kasanga, ambayo Wajerumani waliiita Bismarckburg wakajenga ngome juu ya ziwa.

Nilimsomea Mwalimu ratiba hii kwa simu kabla ya kuiandika. Amekubali kuifuta Tanga. Mama amefurahia misa ya Bagamoyo, ila ameuliza kama maji ya bahari yanaruhusiwa kubebwa kwenye chupa. Yanaruhusiwa. Tatizo limebaki kwa mke, ambaye amesoma juu ya Kilwa na hataki ikatwe. Hilo nalo linawezekana: kutoka Jumatatu hadi Alhamisi, mahali pa Zanzibar mnaweka Kilwa, siku zilezile, mama akisaidiwa kushuka kwenye chombo. Nimemwambia amwachie mke achague kati ya hizo mbili, na anitumie ujumbe kabla ya Ijumaa ili niwaambie wasikilizaji amechagua ipi.