Kwa nini barabara hupimwa kabla ya mzigo mkubwa kupita

Wakazi wa Naivasha wameyazoea malori marefu yenye magurudumu mengi, yanayopeleka mitambo kwenye visima vya mvuke vya Olkaria. Msongamano yanaousababisha huwaudhi wengi, na wana haki. Lakini mwendo huo wa pole hupangwa mapema, kabla lori halijaondoka Mombasa.

Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu gari na mzigo wake uzito usiozidi tani 56. Mtambo usioweza kugawanywa na unaopita kiwango hicho huhitaji kibali maalum. Kwa barabara kuu, kibali hutolewa na KeNHA.

Swali gumu ni milima. Barabara ikipanda mita 6 kwa kila mita 100, mwinuko wake ni asilimia 6. Gari la tani 100 likiwa hapo huvutwa nyuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani 6. Kwenye asilimia 10, tani 10. Kichwa kimoja cha trela huenda kisitoshe, hivyo cha pili hufungwa mbele au kusukuma kutoka nyuma.

Wastani hudanganya. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Naivasha karibu mita 1,900. Kwa hesabu hiyo safari ni kama tambarare. Dereva anajua sivyo: barabara hupanda kwanza hadi Limuru, zaidi ya mita 2,200, kisha huporomoka Bonde la Ufa. Ndiyo maana wapimaji hugawa njia vipande vifupi na kupima kila kimoja. Mita 80 zenye mwinuko mkali kwenye kona zinatosha kukwamisha safari nzima.

Kuteremka ni hatari zaidi kuliko kupanda. Breki zikitumika mfululizo hupata moto na kulegea, kwa hiyo dereva huingiza gia ndogo tangu juu. Tena kilele kikiwa kikali, tumbo la trela ndefu hugusa lami na kukaa hapo.

Kipande cha mwisho mara nyingi ni barabara ya kaunti, ambako mvua moja huweza kubadilisha mteremko uliopimwa mwezi uliopita. Mkazi akiona kingo zimemomonyoka, aarifu ofisi ya msimamizi wa wadi. Msafara ukipita mlimani, wenye bodaboda na matatu wasijipenyeze nyuma ya trela. Likirudi nyuma, dereva hawaoni.