Umeme wa jua: Pima matumizi kabla ya kununua paneli

MWENYE duka wa Kibondo au Kasulu anayenunua paneli kwa kuangalia bei peke yake huweza kulipa mara mbili. Paneli ndogo haiijazi betri, na betri isiyojaa hufa mapema.

Hesabu ianzie kwenye matumizi. Taa tatu za wati 5 kwa saa 5 hula wati-saa 75. Redio ya wati 5 kwa saa 6, hula 30. Kuchaji simu, 15. Jumla ni 120. Ukiongeza asilimia 30 kufidia upotevu, zinakuwa 156.

Nyanda za juu za Kigoma hupata mvua Novemba hadi Aprili, hivyo ni salama kukadiria saa 4 tu za jua kali kwa siku. Ukigawa 156 kwa 4 unapata wati 39: paneli ya wati 50 inatosha. Betri ya asidi ya volti 12 haifai kushushwa chini ya nusu. Kwa siku mbili za mawingu inatakiwa ya ampea-saa 40.

Televisheni ya wati 30 kwa saa 4 huongeza wati-saa 120 nyingine. Hapo paneli na betri huzidishwa mara mbili, na mtaji nao hupanda.